Safu ya Tatu: Aina ya Kuku

Fomu ilikuwa na safu nne. Ya kwanza namba, ya pili jogoo au mtetea, ya tatu aina, ya nne umri. Mama alikuwa ameikunja mara mbili na kuitia ndani ya daftari la chama. Nilipofika nyumbani Jumamosi hiyo, hata mkoba sijauweka chini, akanipa fomu pamoja na kalamu.

"Wewe ndiye ulisoma historia," alisema. "Andika."

Nyumbani ni kijiji kimoja cha Nyamira, juu kidogo ya barabara ya Kebirigo, mahali ambapo mvua ya alasiri haihitaji kutangazwa na mtu. Chama chao cha akina mama kilikuwa kimeandikishwa katika mradi wa kuku. Kila mwanachama angepewa majogoo wawili wa kuboresha mbegu, pamoja na chanjo, lakini kwanza ahesabu kuku alio nao na aseme ni wa aina gani. Chini kabisa kulikuwa na mstari wa herufi ndogo: majogoo wa zamani waondolewe kabla wapya hawajaletwa.

Kuhesabu kuku wa boma ni kazi ya saa kumi na mbili jioni. Mchana utawahesabu wa jirani, au utamhesabu mmoja mara tatu. Tulikaa kwenye mlango wa jiko la moshi, wanakolala, na kila aliyeinama kuingia nikamtilia mstari. Walitimia 23. Safu ya pili ikajaa haraka. Ya nne tukakisia. Ya tatu ikabaki tupu kama shamba la mtu aliyehamia Nairobi.

"Si niandike kienyeji tu, tumalize?"

"Wote?" Mama alinitazama kama anayejiuliza ile karo ilienda wapi. "Yule mkubwa mwekundu nilimnunua kutoka gari la vifaranga. Huyu wa shingo tupu alitoka Keroka. Yule mweusi mama yake alikuwa leya. Ukiandika kienyeji wote, wataona tunadanganya."

Neno kienyeji lina ujanja wake. Limetoka kwa mwenyeji, na mwenyeji huwa hajulikani mpaka mgeni afike. Kabla ya kuku wa kizungu hapakuwa na kuku wa kienyeji Gusii, palikuwa na engoko basi, na wakiwa wengi chingoko. Neno hilo lina ndugu kila upande. Waganda wanasema enkoko, Wakikuyu ngũkũ, sisi wa Kiswahili kuku. Majina yanayofanana hivyo hayapatikani kwa kitu kilicholetwa juzi.

Hata hivyo, kuku mwenyewe ni mgeni Afrika. Asili yake ni kuku mwekundu wa porini wa Kusini-Mashariki mwa Asia. Watafiti waliopitia upya mifupa ya zamani mwaka 2022 waliona kwamba ushahidi wa kale zaidi unaoaminika wa kuku wa kufugwa uko Ban Non Wat, nchini Thailand, kati ya mwaka 1650 na 1250 kabla ya Kristo. Katika nyanda za juu za Ethiopia, mahali panapoitwa Mezber, mifupa ya kuku imepatikana katika matabaka ya karne kadhaa kabla ya Kristo. Njia nyingine ilikuwa Bahari ya Hindi, kwa jahazi na kwa mkono wa mfanyabiashara. Kwa hiyo yule ambaye Mama alitaka nimwandike kwa uangalifu mkubwa kuwa ni mwenyeji, babu zake walitoka Asia. Ametangulia tu kufika.

Nikajaribu kutafuta msaada mahali ambapo watu wa historia hutafuta, yaani katika vitabu. Vitabu vya historia ya Abagusii vimejaa ng'ombe. Utasoma kuhusu ebisarate, zile kambi ambako vijana walilinda ng'ombe, hadi utawala wa Waingereza ulipozivunja. Utasoma kuhusu misafara ya kijeshi ya 1905 na 1908, na mifugo iliyoswagwa. Utasoma kuhusu kodi ya nyumba, kahawa ya miaka ya 1930, chai ya miaka ya 1950. Kuku hayupo. Ng'ombe alilipa mahari na faini, kwa hiyo alihesabiwa. Kuku alikuwa wa mwanamke, alilala jikoni, na karani hakuingia jikoni.

Serikali ilipokuja kuwahesabu kuku nchi nzima katika sensa ya 2009, iliwapa masanduku mawili tu: wa kienyeji, waliozidi milioni 25, na wa kibiashara, kama milioni 6. Hao milioni 25 ndani yake mna kila kitu. Mna kuchi wa Lamu, mna kishingo, mna mtoto wa leya na jogoo wa jirani. Ni kama sensa ya watu iandike "Wakenya" na "wengineo".

Basi nikaacha vitabu nikarudi kwa kuku wenyewe. Jumapili asubuhi Mama aliwafungulia mmoja mmoja, mimi nikisimama mlangoni na simu ya kupiga picha, yeye akiwashika kwa mbawa kabla hawajatoroka.

Ukitaka kujua asili ya kuku, watu watakuambia utazame rangi. Rangi ndiyo shahidi mbaya kuliko wote. Mwekundu anaweza kuwa wa kutoka popote, na kuku mmoja hutotoa vifaranga sita wa rangi sita. Anza na kichwa. Ile nyama nyekundu juu ya kichwa, upanga, ina maumbo machache, na kila umbo hurithiwa kwa kanuni inayojulikana. Wengi wa kwetu wana upanga wa msumeno, umesimama na meno yake. Wachache wana upanga uliolala, mpana, wenye vichunusi vingi na ncha nyuma, ambao Wazungu huuita wa waridi. Wengine wana upanga mfupi wa mistari mitatu kama punje za njegere zilizopangwa, na huo huonekana sana kwa kuku wa asili ya kupigana wa Asia, kuchi wa pwani akiwemo.

Hizi panga zina historia kubwa kuliko unavyodhani. Mwaka 1902 Mwingereza William Bateson alizitumia kuonyesha kwamba kanuni za Mendel, zilizogunduliwa kwa mimea ya njegere, zinafanya kazi kwa wanyama pia. Baadaye akaonyesha kwamba ukimpandisha wa waridi kwa wa njegere, watoto hawafanani na baba wala mama. Wanatoka na upanga wa tatu kabisa, wa mviringo wenye makunyanzi kama kokwa ya jozi. Mtoto asiyefanana na yeyote, na bado ni wao wote wawili.

Namba 9 alikuwa na upanga huo wa jozi. Mtetea mdogo wa kijivu, mkali, ambaye alinidonoa mara mbili. Ina maana mahali fulani nyuma yake kulikuwa na damu ya waridi na damu ya njegere. Nilipomweleza Mama, alisema, "Huyo ni wa kwa shangazi yako wa Manga. Hata shangazi mwenyewe yuko hivyo."

Kisha miguu. Nyeupe, nyeusi, njano. Watu wa kwetu sokoni hupenda miguu ya njano, wanasema huyo ndiye kienyeji kamili. Mwaka 2008 watafiti wa Uppsala, Sweden, walionyesha kwamba ngozi ya njano ya kuku haikutoka kwa yule kuku mwekundu wa porini. Ilitoka kwa binamu yake wa kijivu, anayeishi misitu ya India. Yaani ule mguu wa njano unaompandisha kuku bei Keroka ni alama ya mseto wa zamani sana. Na kuku wengi wa kizungu nao wana miguu ya njano, kwa hiyo alama hiyo haitenganishi mtu na mtu.

Shingo tupu ndiyo iliyonichosha zaidi. Kishingo amekuwa Afrika Mashariki tangu zamani, na jina lake la Kiswahili ni ushahidi. Shingo isiyo na manyoya hutoa joto la mwili, kwa hiyo humfaa kuku wa pwani na wa nchi ya jua kali. Lakini Nyamira? Huku tunakovaa sweta Januari? Namba 14 alikuwa na shingo tupu yenye kishada kidogo cha manyoya mbele, na kishada hicho kina maana: amerithi shingo tupu kwa mzazi mmoja tu. Angeirithi kwa wote wawili, kishada kisingekuwepo. Sasa, mzazi yupi? Anaweza kuwa kishingo wa zamani aliyepanda mlima na wafanyabiashara. Anaweza pia kuwa Sasso, kuku wa kampuni ya Ufaransa, ambayo baadhi ya mbegu zake ni za shingo tupu, na ambaye vifaranga vyake vinauzwa leo kila mahali Kenya. Ukiuliza vinasaba navyo vitakucheka. Watafiti wa Roslin, karibu na Edinburgh, walionyesha mwaka 2011 kwamba shingo tupu ya kuku wa nchi mbalimbali inatokana na badiliko moja lile lile. Mfaransa na mswahili, kwa shingo, ni ndugu.

Hapo nilianza kuelewa kwa nini safu ya tatu ilikuwa inanishinda. Nilikuwa naitafutia jibu lisilokuwepo. "Aina" katika maana ile ya fomu, yaani jina moja la kuku mzima, si kitu kinachokaa ndani ya kuku. Kinakaa ndani ya kitabu. Katikati ya karne ya 19, kuku wakubwa kutoka China walipofika Uingereza na Marekani, watu wa huko walishikwa na wazimu wa kuku. Malkia Victoria alikuwa na wake. Boston ilifanya maonyesho makubwa ya kuku mwaka 1849. Watu waliwapandisha ovyo, Mchina kwa Mwitaliano, Mmalei kwa yeyote aliyekuwepo, mpaka mashindano yakahitaji sheria za nani ni nani. Waingereza wakachapisha kitabu chao cha vigezo mwaka 1865. Wamarekani wakaunda chama mwaka 1873 na kuchapisha chao mwaka 1874. Kuanzia hapo, kuku aliyekuwa chotara jana akawa aina leo, mradi afanane na maandishi.

Rhode Island Red, yule mwekundu ambaye wakulima wa Kenya wamefundishwa kumwita mbegu safi, ni mjukuu wa Wamalei, Wachina na Waitaliano waliochanganyikiwa kwenye mashamba ya Rhode Island na Massachusetts. Alikubaliwa kitabuni mwaka 1904. Kama kuku wa Mama wangekuwa na chama na kitabu mwaka huo, leo tungekuwa na aina inayoitwa Nyamira, na fomu ingejazwa kwa dakika tano.

Huyo Rhode Island Red ndiye aliyeileta habari ya nyanya.

Kuanzia mwaka 1976 serikali ya Kenya, kwa msaada wa Uholanzi, iliendesha Mpango wa Kitaifa wa Maendeleo ya Kuku, na ukaendelea hadi mapema miaka ya 1990. Sehemu moja ya mpango huo ilikuwa kubadilishana majogoo. Wazo lenyewe lilikuwa rahisi, na kwenye karatasi halina kosa. Mkulima anatoa jogoo wake wa kienyeji, anapewa jogoo wa kizungu aliyekuzwa kituoni. Jogoo mmoja hupanda mitetea kumi, kwa hiyo ukibadilisha baba mmoja umebadilisha boma zima. Vifaranga wa kwanza watakuwa nusu kwa nusu, wakubwa kuliko mama zao, na mayai yataongezeka.

Sharti la wazo hilo ni kwamba jogoo wa zamani asiwepo. Na hapo ndipo wataalamu walipotakiwa kuja kwanza Gusii watembee kwa miguu. Kaunti ya Kisii ilikuwa na watu 1,266,860 katika sensa ya 2019, zaidi ya 900 kwa kila kilomita mraba, na Nyamira watu 605,576. Wakati ule tulikuwa wachache, lakini boma zilikuwa tayari zimegusana. Ua la mchongoma halizuii jogoo. Unaweza kumwondoa wako Jumatatu, na Jumanne asubuhi wa jirani anawika juu ya lundo lako la mbolea. Tena kukipita ugonjwa wa Newcastle, ule uliopewa jina la mji wa Uingereza ulikotambuliwa miaka ya 1920, boma linabaki na kuku wawili au hana kitu. Mtu huanza upya kwa kuku wa kupewa na dada, wa kununua sokoni, wa kulipwa deni. Kila baada ya ugonjwa, kuku wa kijiji huchanganywa upya kama karata.

Damu nayo ina hesabu yake. Jogoo mwekundu wa mwaka wa 1980 na kitu akipanda mara moja tu na asirudi, watoto wana nusu yake, wajukuu robo, vitukuu moja ya nane. Baada ya vizazi kumi inabaki chini ya moja kwa elfu. Kilichobaki cha mpango ule bomani kwa Mama, kama kipo, ni wekundu fulani wa shingo kwa namba 3 na namba 17, na hata huo siwezi kuapa.

Nilikuwa namweleza Mama haya yote, nikiwa nimejaa elimu, nikasema ni ajabu kwamba nyanya alitoa jogoo wake bure. Maana hadithi hiyo tulikua nayo. Nyanya, magokoro wetu, alikuwa wa kwanza kijijini kupata jogoo wa serikali, na alimtembeza kwa wageni kama mkwe mpya.

Mama akacheka mpaka akamwachia kuku.

"Magokoro wenu hakutoa jogoo wake."

"Lakini si alipewa yule mwekundu?"

"Alipewa. Mimi nilikuwa nimeolewa hapa mwaka mmoja tu. Alinituma Keroka nimnunulie jogoo yeyote wa bei ya chini. Nikaleta mmoja hivi, mguu mbaya, jicho moja. Huyo ndiye alipeleka kwa watu wa kilimo. Wakamwandika, wakampa mwekundu. Wake alikuwa kwa mamake Nyaboke, amefungwa kamba chini ya kitanda, siku tatu."

Nilikaa kimya. Mahali fulani katika faili la zamani la wizara, kama panya hawajalimaliza, kuna mstari unaosema kwamba jogoo mmoja wa kienyeji aliondolewa katika boma la mwanamke fulani wa Nyamira. Mwanafunzi wa historia akiuona atauamini. Mimi ningeuamini.

"Na kwa nini alimficha?"

"Kwa sababu ya kishungi."

Kuku wa kishungi, wale wenye manyoya yaliyosimama kichwani kama kofia, walikuwa wa nyanya tangu alipoolewa. Alikuja nao kutoka kwao upande wa Bonchari, wawili ndani ya kikapu. Siku hizi yupo mmoja, namba 6, mtetea wa rangi ya majivu na madoa meusi. Yupo pia kijana wake, namba 21, jogoo wa miezi minane aliyeanza kuwika vibaya. Ndio hao wawili tu.

Sasa nikafanya kosa la watu waliosoma. Nikamweleza kwamba kishungi hurithiwa peke yake, kwamba mtetea wa kishungi akipandwa na jogoo yeyote, vifaranga wengi watatoka na kishungi, hata kama kila kitu kingine mwilini mwao kimebadilika. Kwa hiyo namba 6 anaweza kuwa na kishungi cha nyanya na mwili wa Mhindi. Sikuwa nasema uongo. Tangu mwaka 2010, Uganda ilipoanza kujaribu Kuroiler, kuku wa kampuni ya Keggfarms ya India, vifaranga wake wamevuka mpaka kwa pikipiki na kwa matatu, hata baada ya Kenya kufunga mpaka kwa kuku wa Uganda mwezi Januari 2017 kwa sababu ya homa ya ndege. Wamekuja Sasso na Rainbow Rooster. Kenchic wana Kenbro wao. KARI, ambayo sasa ni KALRO, ilikusanya kuku wa kienyeji kutoka sehemu mbalimbali za nchi, ikawachagua Naivasha, na kuwarudisha kwa wakulima kama kienyeji walioboreshwa. Hao wote wamepita kwenye barabara ya Kebirigo ndani ya makatoni yenye matundu, na hakuna aliyewaomba kitambulisho.

Mama alinisikiliza mpaka mwisho. Akamshika namba 6, akampindua, akanionyesha tumbo. Ngozi ilikuwa tupu, nyekundu, manyoya yametoka.

"Unaona hapa? Amelalia. Wiki mbili zilizopita ametotoa kumi na moja kwa kumi na tatu." Akamweka chini. "Wewe unadhani tulikuwa tunaweka kishungi? Kishungi ni cha kumtambua gizani, ukipapasa kichwa. Tulikuwa tunaweka wanaolalia."

Hapa ndipo pa kusimama kidogo, kwa sababu kuna jambo ambalo vitabu vya vigezo havikuliandika. Kuku wa mayai mengi amechaguliwa asilalie. Mtetea anayetaga hukoma kutaga akianza kuatamia, na kwa mwenye kuuza mayai hizo ni siku za hasara, kwa hiyo vizazi vya wafugaji wa Ulaya na Marekani viliwaondoa waatamiaji mmoja mmoja. Leya wa kahawia hana habari na kiota. Kuroiler na Sasso vivyo hivyo, na hata hawa walioboreshwa wa KALRO hawategemewi kulalia. Kwa mwenye inkubeta na umeme usiokatika, hiyo si shida. Kwa Mama, kuku asiyelalia ni kuku wa mwisho. Atataga mayai 200, atauzwa, na mwaka ujao utarudi kununua kifaranga kutoka kwa gari. Mtetea wa kwetu hutaga kumi na mawili au kumi na matano, anakaa juu yake siku 21, analea, anarudia mara tatu kwa mwaka. Mayai ni machache, lakini vifaranga ni wako.

Nikarudia orodha upya, safari hii nikimwuliza Mama badala ya kuwatazama kuku. Na kumbe alikuwa na majibu ya wote 23, ila hayakuwa ya aina. Namba 1 ni wa kwa Kemunto, alikuja na mtoto alipozaliwa. Namba 4 na 5 ni watoto wa yule aliyekuwa anakula mayai, waangaliwe. Namba 9 wa Manga, hulalia, lakini hulea vibaya. Mwekundu mkubwa wa gari, namba 11, hutaga kila siku na hajui hata mwewe ni nini. Namba 14 wa Keroka, Mama hamjui vizuri, alimnunua baada ya ugonjwa wa Aprili. Keroka yenyewe, kama unavyojua, Kisii na Nyamira bado wanabishana mpaka unapita wapi sokoni, kwa hiyo hata kaunti ya huyo kishingo ni kesi. Namba 17 hulalia mayai ya wengine. Namba 6 mama yake alilalia, na mama wa mama yake, mpaka kwenye kile kikapu cha Bonchari.

Niliandika yote hayo nyuma ya fomu, kwa kalamu yangu, kwa ajili yangu. Katika safu ya tatu yenyewe niliandika "mseto" mara nyingi, "Kuroiler" mara mbili kwa wale wa gari, na "kienyeji" kwa namba 6. Si kwa sababu ya damu. Nilifikiri kama neno hilo lina kazi yoyote iliyobaki, basi ni hiyo: kuku anayeweza kujizalia mwenyewe katika boma bila kusaidiwa na mtu wa nje.

Alasiri mvua ikaanyesha kama kawaida. Tulikuwa jikoni, namba 6 kwenye kona na vifaranga wake wakitokeza vichwa chini ya mbawa, wanne kati yao tayari na uvimbe kichwani mahali kishungi kitakapoota. Yule kijana wa kilimo alikuwa aje kesho yake kuchukua fomu na kuhakikisha majogoo wa zamani wameuzwa. Wa zamani walikuwa watatu. Wawili, Mama alisema, hata yeye alitaka kuwauza, ni wagomvi na hawana maana. Na wale wawili wa mradi aliwataka kweli. Sitaki udhani ni mtu wa kukataa mambo mapya. Alisema vifaranga wao watauzika vizuri Desemba, watu wa Nairobi wakirudi.

"Hiyo fomu umeandika 23?"

"Ndiyo, Mama. Si ndio tumehesabu?"

Alichukua kikapu kilichokuwa kimening'inia kwenye msumari, akapangusa vumbi, akatandika majani makavu ya migomba chini. Halafu akatoka mvuani kumtafuta namba 21. Nilimsikia akimwita kule nyuma ya choo, kwa ile sauti nyembamba ya kuitia kuku. Mamake Nyaboke alishafariki, lakini binti yake bado yuko boma lile lile, chini ya mteremko.

Aliporudi, kikapu kilikuwa kimefunikwa kwa leso na kinacheza.

"Fanya 22," akasema.